Sikio kwanza, jicho baadaye: mwongozo kamili wa kumfundisha mtoto kusoma kwa nyimbo na mashairi

Kuna kitu nimekiona mara nyingi sana kwa watoto wa chekechea na kila nikikiona kinaniuma. Mtoto anaimba wimbo wa herufi kuanzia a mpaka z bila kukosea hata moja, watu wanampigia makofi, wengine wanamrekodi na simu, halafu ukimwandikia neno "bata" kwenye karatasi anakuangalia tu. Si kwamba hana akili. Wimbo umeishia mdomoni, hakuna mtu aliyemsaidia kuushusha mpaka kwenye karatasi, na hiyo safari ya kuushusha ndo nataka tuifanye hapa hatua kwa hatua, uwe mzazi, mlezi au mwalimu.

Kwanza tuelewane kwa nini shairi na si kitu kingine. Mtoto mdogo akisikia neno anasikia maana yake. Ukimwambia "paka" yeye anaona mnyama mwenye mkia, hasikii pa na ka. Sasa kusoma ni kazi ya kulikata neno vipande na kuviunga tena, na huwezi kukata kitu ambacho hujui kama kina vipande. Shairi linamlazimisha asikie umbo la neno: "paka" na "kaka" kwa maana hazina undugu wowote, lakini sikio linasema hizi ni ndugu kabisa, na mtoto akishaligundua hilo akacheka, amini usiamini ameshaanza kujifunza kusoma hata kama hajashika kitabu.

Hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Oxford, Lynette Bradley na Peter Bryant, walichapisha matokeo yao kwenye jarida la Nature. Waliwapima watoto wa miaka 4 na 5 ambao walikuwa hawajajua kusoma, wakaangalia nani anaweza kutambua maneno yanayofanana sauti, wakawafuatilia kwa miaka kadhaa, na waliokuwa na sikio zuri mwanzoni ndo kwa kawaida walikuja kusoma vizuri. Halafu wakachukua watoto 65 ambao sikio lao lilikuwa dhaifu wakawagawa kwenye makundi, na kundi lililofanya vizuri kuliko yote lilikuwa lile lililofundishwa sauti pamoja na herufi za plastiki za kushika mkononi. Pamoja, shika hilo neno, maana ndo roho ya mwongozo wote huu. Sauti peke yake inasaidia kiasi, sauti ikikutana na herufi ndo mambo yanafunguka.

Kuchagua shairi

Usihangaike na shairi refu. Mistari 4 inatosha, kila mstari uwe na maneno 2 mpaka 4, maneno ambayo mtoto anayajua tayari, na kina cha mwisho kiwe kinasikika wazi. Mapigo yawe sawa sawa, yaani ukihesabu silabi kila mstari uwe na idadi ileile, maana mtoto anapojua pigo linaishia wapi anaweza kubashiri neno linalokuja, na hilo linamsaidia kulishika shairi. Washairi wa Kiswahili wanaita hiyo mizani, na kwenye shairi la kimapokeo kila kipande cha mshororo mara nyingi kina mizani 8. Kwa mtoto kipande kimoja cha 8 kinatosha kabisa kuwa mstari mzima.

Na kama hupati linalofaa tunga mwenyewe, si dhambi, halihitaji kuwa zuri la kushinda tuzo. Mimi hili nalitumia sana na nitalitumia hapa chini mpaka mwisho ili uone jinsi shairi moja linavyoweza kukamuliwa wiki nzima:

Paka wangu kaamka,
dirishani akaruka,
panya naye kashituka,
shimoni akatoweka.

Shairi moja kwa wiki moja. Najua inatia uvivu kwa mtu mzima kurudia kitu kilekile siku tano, lakini mtoto hachoki, unachoka wewe, na marudio ndo yanafanya kazi.

Jambo lingine la kuchagua ni lugha. Anzia kwenye lugha ambayo mtoto anaiongea nyumbani. Wimbo wa Kiingereza anaouimba kama kasuku bila kuelewa unamfundisha tu kutoa mlio, na vina vya Kiingereza havimsaidii kuona silabi za Kiswahili. Akishashika kwenye lugha yake hizo nyingine atazipandia juu.

Hatua ya 1: bila karatasi yoyote

Siku ya kwanza ficha vitabu vyote. Kaeni chini, mkae mnaonana uso, sema shairi lote taratibu huku unafanya vitendo: unajinyoosha kama paka anayeamka, unaruka, unashtuka, unajificha nyuma ya viganja. Rudia mara tatu hivi. Halafu fanya mwangwi, wewe unasema mstari mtoto anaurudia, na usimsahihishe sana matamshi siku hiyo, mwache aonje kwanza.

Mtoto wa miaka 2 au 3 hatua hii inamtosha kwa miezi mingi tu, acheze, ajifiche, acheke, basi. Usimkimbize kwenye herufi. Wa miaka 4 nenda naye mpaka kwenye michezo ya vina na makofi. Karatasi zije kwa nguvu akiwa na miaka 5 au 6, ila kama wa miaka 4 mwenyewe anaulizia "hapa pameandikwaje?" usimzuie, mjibu.

Hatua ya 2: makofi

Siku ya pili mnapiga makofi kwa kila silabi. Pa-ka wa-ngu ka-a-m-ka. Hesabu, ni 8. Di-ri-sha-ni a-ka-ru-ka, 8 tena. Watoto wanapenda sana wakigundua kila mstari unatoka sawa, wanaona kama maajabu.

Hapa Kiswahili kimetupa zawadi ambayo Kiingereza, kwa mfano, hakina. Tuna vokali 5 tu na kila moja ina sauti yake moja, halafu silabi nyingi zinaishia na vokali, kwahiyo kukata neno kwa makofi ni rahisi na kile unachokipiga kofi ndo hicho utakachokuja kukiandika. Tatizo linakuja kwenye ile m inayosimama peke yake. Angalia "kaamka" hapo juu, m ni kofi zima, haina vokali lakini ina pigo lake. Watoto wengi wanairuka, na baadaye wakianza kuandika wanaipachika vokali wanaandika "mutoto" na "mutu". Dawa yake ni makofi mapema kabla ya penseli. Kuna kashairi kengine nimekatunga kwa ajili ya hiyo m tu:

Mtoto yuko mtoni,
mto uko msituni,
msitu u mlimani,
mlima u mawinguni.

M-to-to yu-ko m-to-ni. Kwa kila m mwambie afunge midomo na apige kofi akiwa midomo imefungwa. Atahisi mwenyewe kwamba kuna kitu kimetokea hapo ingawa mdomo haukufunguka. Na kwa kuwa kila mstari unaanza pale ulipoishia uliopita, hata mtoto mwenye kusahau sana anakumbuka.

Hatua ya 3: kucheza na vina

Sasa anza kuacha neno la mwisho. "Paka wangu..." unanyamaza, unamwangalia, yeye anamalizia. Akishazoea, kosea makusudi: "Paka wangu kaamka, dirishani akalala!" Mtoto aliyelishika shairi atapiga kelele kwamba umekosea, muulize umekosea wapi, na hapo ndo anajifunza kwa sababu analazimika kukuambia kwamba haliishi na ka. Kwangu mimi huu mchezo wa kukosea makusudi unazidi mazoezi yote ya kwenye daftari, maana mtoto anakuwa mwalimu na wewe unakuwa mwanafunzi, na mtoto akiwa mwalimu hakubali kulala.

Halafu twende kwenye ndugu wa neno. Chukua "paka", toa p weka k, imekuwa kaka. Weka t, taka. Weka w, waka. Saka, shaka. Familia nyingine nzuri ni bata, kata, pata, au lima, pima, zima. Mengine mtoto atayabuni, atasema "jaka" na "naka", mwache, mwambie tu hilo neno letu halina maana ila limeimba vizuri. Neno lisilo na maana linaonyesha sikio lake linafanya kazi bila kutegemea kumbukumbu.

Hatua ya 4: sauti ya mwanzo, na kuunga sauti

Hii naipitia haraka. Muulize kwenye shairi letu nani na nani wanaanza na sauti moja: paka na panya. Tafuteni vitu vingine vya p mle chumbani. Mfundishe sauti ya herufi na si jina lake, sema p fupi tu bila kuongeza vokali nyuma, maana ukimwambia hiyo ni "pi" kesho atakusomea "pi-a-ki-a" badala ya paka. Halafu cheza kuongea kwa vipande: "niletee k-o-t-i", aunge mwenyewe ajue ni koti.

Hatua ya 5: kidole kwenye karatasi

Hapa ndo daraja lilipo na hapa ndo wengi tunaanguka, kwahiyo soma taratibu.

Andika shairi lote kwenye karatasi kubwa ya manila kwa maka peni, herufi ndogo za kuchapisha, nafasi kati ya maneno iwe pana hata kuzidi inavyohitajika, kama upana wa vidole viwili. Bandika usawa wa macho ya mtoto na si wa macho yako. Soma huku unapitisha kidole chini ya kila neno, usiruke, usiwahi, kidole na sauti viende pamoja. Halafu mwachie yeye.

Nakumbuka mtoto mmoja wa miaka 5, analijua shairi lote kwa kichwa. Nikampa chati aoneshe na kidole. Akaanza: "pa" kidole kwenye paka, "ka" kidole kwenye wangu, "wa" kidole kwenye kaamka. Mstari ukaisha. Yeye bado ana silabi 5 mdomoni na hana pa kuziweka. Akasimama, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akarudisha kidole mwanzo, akarudia tena, ukaisha tena palepale. Mara ya tatu akashikilia kidole chini ya neno la kwanza akasema "paka" lote, akasogea. Sikumwambia chochote. Zile dakika mbili amejifunza kwamba neno ni kitu kizima chenye nafasi huku na huku, kitu ambacho ningemweleza kwa maneno wiki nzima asingenielewa.

Kwahiyo mtoto akikwama hivyo usimnyang'anye kidole. Subiri. Ukiona anaanza kukata tamaa ndo umshike mkono muende pamoja, tena mstari mmoja tu.

Hatua ya 6: kukata kata ili asikariri

Sasa anaweza "kusoma" chati nzima na kidole kinaenda sawa. Je anasoma au amekariri? Bado hujui. Chukua nakala nyingine ya shairi uikate mistari minne, uichanganye, mwambie aipange. Akiweza, kata maneno. Yako 10 tu kwenye hilo la paka. Mpe "paka" na "panya" peke yake, nje ya shairi, muulize ipi ni ipi. Hayo mawili yanaanza sawa kwahiyo lazima aangalie mpaka mwisho wa neno, hawezi kubahatisha kwa herufi ya kwanza.

Jaribu hili pia: badilisha neno moja kwenye chati akiwa haoni, funika "panya" kwa kikaratasi ulichoandika "kuku". Mtoto anayekariri ataimba panya kama kawaida. Mtoto anayesoma atasimama ghafla na macho yatamtoka, na ukiuona huo uso utajua kazi imeingia. Akiimba panya usimkasirikie wala usimwambie amefeli, rudi hatua ya 5 siku mbili tatu, kukariri ni ngazi ya kupandia na watoto wengi wanapita hapo, ubaya ni kumwacha palepale miaka.

Hatua ya 7: herufi za kushika

Tengeneza kadi za herufi kwa boksi la kawaida, kata vipande sawa, herufi moja kila kadi. Usimwage zote mezani siku moja. Kutoka kwenye shairi letu chukua tano tu, a, u, k, p, n, nakala tatu tatu za kila moja. Kwa hizo tano anaweza kujenga paka, kapu, kaka, kuku, papa, pua, paa, pana, nuka. Mwambie ajenge paka, halafu abadilishe kadi moja tu iwe kaka. Kile alichokuwa anakicheza kwa mdomo kwenye hatua ya 3 sasa anakisogeza kwa mkono. Hapo sauti na herufi zimekutana.

Zile sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja, sh, ch, ny, dh, th, gh, ng', ziandike kwenye kadi moja kila sauti, usizikate mbili, maana mtoto akiona s na h mbalimbali atatafuta sauti mbili ambazo hazipo. Ny ya panya mpe wiki ya pili. Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma ziache mpaka mwishoni kabisa, na zikija tungia kashairi kanakozigonganisha asikie tofauti. Kwa wanaochanganya s na sh vitanza ndimi ni dawa, mfano "shangazi ashona shuka, Asha amshika shati", aseme taratibu kwanza, kasi ije baadaye. Nao wanaochanganya l na r kwa sababu ya lugha ya nyumbani usiwacheke, tafuta shairi lenye ruka na lala pamoja, wasikie, waone kwenye kadi, mdomo utafuata kwa muda wake.

Muda, na mambo yanayoharibu

Dakika 10 mpaka 15 kwa siku zinatosha. Ukiona mtoto anaanza kulala mezani au kuchezea viatu umeshapitiliza, funga. Ni bora dakika 10 kila siku kuliko saa nzima jumamosi.

Darasani ukiwa na watoto wengi hatua ya 1 mpaka 4 fanyeni wote kwa pamoja, ila hatua ya 5 lazima umpate kila mtoto peke yake hata dakika moja moja, wengine wakichora paka wa shairi. Kwaya inaficha watu. Watoto 40 wakiimba pamoja utadhani wote wanajua, kumbe 12 wanafungua mdomo tu.

Vidio za nyimbo za watoto si mbaya lakini hazimsubiri mtoto. Haziachi neno la mwisho alimalizie, haziwezi kuona kidole chake kimepotea. Kama unazitumia kaa naye, simamisha katikati, muulize linalofuata ni nini. Na wewe unayesema huna sauti ya kuimba, mtoto hasikilizi sauti nzuri, anasikiliza pigo na anakuangalia uso. Ongea tu shairi kwa mapigo.

Mtoto mwenye aibu mpe kikaragosi, hata soksi iliyochorwa macho, soksi ndo iseme shairi. Mwenye kigugumizi mara nyingi anasema vizuri zaidi akiwa na pigo au akisema pamoja na mtu, kwahiyo aseme pamoja na wewe, usimsimamishe peke yake mbele ya wenzake. Na kama mtoto wa miaka 4 au 5 umecheza naye vina kwa wiki kadhaa na haonekani kabisa kusikia tofauti, au anapenda kuongeza sauti ya tivii, au mafua hayamwishi, mpeleke akapimwe masikio kabla ya kumwita mzito. Nimeona mtoto ameitwa mzito mwaka mzima kumbe masikio yalikuwa yameziba.

Hatua ya 8: mtoto atunge

Ikifika ijumaa shairi liwe lake. Mwachie nafasi: "____ wangu kaamka". Ajaze anachotaka, ng'ombe, dada, jua. Aandike anavyosikia, usimtafutie kila herufi, akiandika "kamuka" mpongeze halafu mpigishe makofi asikie pale pana a ya pili na m isiyo na vokali, ajirekebishe mwenyewe. Bandika kazi yake pembeni ya chati yako, usawa uleule.

Mtoto yule wa kidole, baada ya wiki nyingi, aliniletea mstari wake: "kuku wangu kanuka". Nikacheka kwa furaha, nikamwambia haya piga makofi. Akapiga, akapata 7. Akakunja uso. Akapiga tena, 7. Akarudi kwenye meza, akakaa kimya na ile penseli, akaongeza a kabla ya kanuka, akasimama akapiga makofi upya: ku-ku wa-ngu a-ka-nu-ka.

"Nane," akasema.